Rivolva yangu ndogo imepata ufa na moyo unagoma kuiacha, nifanyeje?

SWALI: Kaka mtaalamu, salaam. Niko Columbus, Ohio, nimestaafu polisi baada ya miaka 22. Nina rivolva ndogo ya risasi tano, .38 Special, fremu ya aluminiamu, nyepesi mpaka unasahau kama umeivaa. Nilipewa na mzee aliyenifundisha kazi mwaka wangu wa kwanza, siku anaaga kazini. Alifariki 2011. Miaka yote ilikaa kwenye kifundo cha mguu wa kushoto kama bakap, yaani bastola ya akiba, namshukuru Mungu sijawahi kumpiga mtu nayo. Mwezi uliopita kwenye mtihani wa shabaha wa kila mwaka fundi akaona ufa mdogo chini ya mtutu akaniambia usiifyatue tena. Kampuni wanasema haitengenezeki, nikiwatumia watanipa mpya ila ya zamani hairudi. Mke wangu anasema ni chuma tu. Mimi usingizi haupatikani. Naweza kuendelea nayo kwa risasi nyepesi? Au niipeleke nyumbani Moshi kaka yangu aitunze? Na hivi ni kawaida mtu kuumia namna hii kwa ajili ya bastola?

JIBU: Salaam nyingi ndugu yangu. Nitaanza na la hatari, la moyo tutalifikia, maana nimelisoma swali lako mara tatu na najua la moyo ndo limekufanya uandike.

Usiifyatue tena. Sio kwa risasi nyepesi, sio zile tano za kuagana nayo, na wala usiiweke mfukoni ukisema ni ya dharura tu. Hukuandika ni ya kampuni gani na kwa hili haijalishi, kwasababu huo ufa nimeuona kwenye rivolva za aluminiamu nyingi tu na karibu zote mahali palepale. Hakikisha haina risasi, fungua silinda, igeuze tumbo juu uitazame kwenye mwanga. Ile pete ya fremu ambayo mtutu umeskrubiwa ndani yake, chini yake pamechongwa ili ule mkono unaobeba silinda upate pa kukaa ukiifunga, kwahiyo hapo ndo pembamba sana kwenye fremu, na ndipo mzigo wote wa mtutu unapotua. Kama kiwandani mtutu ulikazwa kupita kiasi, pete inaishi imevutika toka siku ya kwanza, halafu kila risasi inaongeza kidogo. Unaweza kukaa nayo miaka 30 haijasema kitu, siku moja ikasema.

Na hapa watu wengi hawaelewi tofauti ya chuma na aluminiamu. Chuma kikipigwa chini ya kiwango fulani kinavumilia, unaweza kukipiga mara milioni na kikabaki vilevile. Aluminiamu haiko hivo. Yenyewe inahesabu, kila pigo linabaki humo ndani hata kama dogo, ndo maana mabawa ya ndege yanakaguliwa kwa saa za kuruka. Sasa wewe unasema risasi nyepesi. Risasi ya .38 Special ya kawaida kiwango chake ni paundi 17,000 kwa inchi ya mraba, ile yenye alama ya +P ni 20,000. Ndio, ya kawaida ni afadhali, na kama mzee wako na wewe mlipiga +P kwenye fremu ya zamani ambayo haikuandikiwa hizo risasi basi sishangai ufa ulikotoka. Lakini ufa ukishafunguka haufungwi na risasi ndogo. Mtutu utaanza kulegea, shabaha itahama, silinda na mtutu havitakaa sawa na utaanza kutemewa vipande vya risasi pembeni. Wapo watakaokuambia ukachomelee. Hapana. Hiyo aluminiamu ilipewa ugumu wake kwa joto la kipimo, ukiipiga moto wa kuchomelea unaiua kabisa pale ulipogusa, itakuwa laini kuliko ilivyokuwa na ufa. Na gundi za chuma zile usizifikirie hata.

Fundi wa renji yako alifanya kazi yake vizuri. Mshukuru.

Kwa kampuni kukataa kutengeneza, hilo nalo lina sababu yake, kwa sheria ya Marekani fremu ndo bunduki yenyewe. Mtutu, silinda, nyundo, vyote ni spea unanunua dukani, ila fremu ina namba na hiyo namba ndo bastola. Kubadilisha fremu ni kukupa bastola nyingine. Wanachokuahidi ni cha haki kabisa kwa mtu anayetaka kifaa cha kazi, ila wewe hukuniandikia kuhusu kifaa.

Sasa tuje huko.

Mimi nimekaa kwenye benchi la ufundi wa bunduki huku Texas miaka 27, miaka tisa ya hiyo nilikuwa nawatunzia silaha idara ya sheriff ya kaunti, na nakuambia kwa uhakika kwamba bastola ambazo watu wananiletea huku macho yamewajaa sio zile kubwa. Mtu anakuja na bastola yake ya kazi, ile ya kiunoni, aliyopiga nayo risasi elfu kumi na tano, anaiweka mezani anasema badilisha springi, anaondoka. Kesho yake huyohuyo anakuja na kirivolva cha gramu mia nne, pengine hakijapigwa hata risasi mia tano toka kizaliwe, anakishika kwa mikono miwili. Nilikuwa najiuliza kwanini mpaka nikaelewa. Ile kubwa ni ya idara. Asubuhi unaivaa jioni unaivua, ukihama au kustaafu unairudisha. Hii ndogo uliinunua mwenyewe au ulipewa na mtu, na ilienda na wewe mahali ambapo ile kubwa haikufika, kanisani, harusini, hospitali mke anajifungua, dukani kununua maziwa saa nne usiku. Mwili wako ndo unaoijua, sio macho. Ndo maana unaniambia usingizi hauji, naamini hata ukitembea mguu wa kushoto unahisi kuna kitu kimepungua. Hiyo sio akili kuharibika. Miaka 22 mguu mmoja ulikuwa na uzito ambao mwingine hauna.

Na uzito wenyewe ndo ulikuwa siri yake. Rivolva ya ukubwa huo kwa chuma kitupu, kama ile Chiefs Special ya Smith & Wesson iliyotoka 1950, ni gramu 550 hivi. Ukiifanya fremu aluminiamu unashuka mpaka 400 na kidogo. Kwa mfano tu, Glock 17, bastola kubwa ya kiunoni, ikiwa tupu ni kama 630, na ikijazwa risasi 17 inakaribia 900. Watu walianza mapema kuutafuta huo wepesi, Colt walitoa Cobra yao ya aluminiamu mwaka huohuo wa 1950, na Smith & Wesson wakaleta Airweight 1952, mwanzoni hata silinda ilikuwa aluminiamu! Jeshi la anga la Marekani nao waliagiza za kwao kwa ajili ya marubani, jina M13, silinda za aluminiamu, wakagundua hazihimili, wakazirudisha na nyingi zikaharibiwa kwa makusudi. Ndo maana leo ukiikuta moja ni mali. Silinda zikarudi kuwa za chuma, fremu ikabaki aluminiamu, na ndivyo ilivyo mpaka leo. Yaani toka mwanzo wepesi huu ulikuwa na bei na wale waliozitengeneza walijua, aliyezinunua pia kwa kiasi fulani alijua. Bastola yako imelipa bei yake mwishoni, baada ya kazi, sio katikati.

Mke wako akisema ni chuma tu mwelewe (na kwa kweli nyingi yake sio chuma). Yeye hakuwepo usiku wa doria. Kwa wasiojua, bakap inaonekana kama pambo, bastola ya pili ya nini wakati unayo ya kwanza. Mwaka 1986, tarehe 11 Aprili, kule Miami, maafisa wa FBI waligonga gari la majambazi wawili ili walisimamishe. Kwenye ule mgongano afisa John Hanlon akapoteza bastola yake kubwa, ikaruka huko. Alichobaki nacho ni Model 36, kirivolva cha risasi tano, na ndicho alichopigania. Aliumia vibaya lakini aliishi, wenzake wawili Benjamin Grogan na Jerry Dove walikufa siku ile. Kila polisi wa umri wangu na wako alifundishwa hilo tukio. Kwahiyo mzee wako alipoivua ile ya kwake mguuni akakuvalisha wewe, hakukupa zawadi ya kuagana kazini. Alikuwa anakuambia sitakuwepo tena kwenye kiti cha pembeni, chukua hii. Mimi nikiwa wewe ningeumia pia.

Ila kuna kitu nataka nikuambie kwa upendo na naomba usinielewe vibaya. Kupenda bastola kuna ubaya mmoja, kunakufanya usiipige. Hizi nyepesi zinapiga teke, risasi ileile ndani ya kitu chepesi inarudi yote mkononi, baada ya risasi kumi kiganja kinauma, kwahiyo watu wanaipiga mara moja kwa mwaka siku ya mtihani, wanaifuta, wanairudisha kwenye soksi. Na inayopendwa ndo inaachwa zaidi, mtu anaogopa kuichubua. Aliwahi kuja bwana mmoja na rivolva ya marehemu baba yake, ameibeba mfukoni miaka sita, anataka tu nimpige picha ya namba yake kwa ajili ya bima. Nikafungua silinda ikagoma. Nyuzi za mfuko wa suruali, vumbi, na mafuta ya zamani yameganda yakawa kama ulimbo, nyota ya kutolea maganda haikai chini, silinda haizunguki vizuri. Miaka sita alikuwa anaamini analindwa na baba yake. Alikaa kwenye kiti changu dakika nyingi bila kusema neno. Sikumlaumu, ila toka siku ile kila mtu anayeniletea bastola ya kumbukumbu namuuliza swali moja tu, hii ni ya kukukumbusha au ni ya kukuokoa? Maana moja haiwezi kubeba vyote viwili kwa muda mrefu. Ya kukuokoa lazima uipige, uichoshe, uitupe ikichoka. Ya kukukumbusha lazima uihifadhi.

Yako imekujibia yenyewe. Imeshakuwa ya kukumbusha.

Kwahiyo usiitume kampuni. Najua mpya ya bure inavutia, lakini wewe mwenyewe umeandika "ya zamani hairudi" na nadhani hapo ulishajijibu. Ibaki kwako. Nunua nyingine ya kubeba, rivolva nyepesi za kisasa kama Smith & Wesson 442 au 642 ni kama gramu 415, risasi tano, zimeidhinishwa +P, nyundo imefunikwa ndani kwahiyo hainasi kwenye suruali ukiitoa kifundoni. Ziko nyepesi zaidi za skandiamu na titaniamu, gramu 330 na kitu, mimi siwashauri wastaafu, teke lake ni kali sana na risasi zisizobanwa vizuri zinaweza kuchomoka kidogo kwenye ganda zikazuia silinda kuzunguka. Chukua ya aluminiamu uizoee. Kwa wewe unayebeba chini ya ile sheria ya shirikisho ya 2004 ya polisi wastaafu unatakiwa kufaulu shabaha ndani ya kila miezi 12, sasa usingoje huo mtihani, nenda kila mwezi na risasi hamsini za kawaida, sio +P, mkono utazoea.

Halafu hili ndo nililotaka nikupe hasa. Kama ya zamani na mpya zote ni za Smith & Wesson zenye fremu ndogo ya J na kitako cha mviringo, zile mbao za kitako mara nyingi zinahama. Mpe fundi azijaribu kwanza. Zikiingia, chukua mbao za mzee uzivalishe mpya. Hizo mbao ndo zilizoshikwa, ndo zimekula jasho lake na lako, kona zake zimelainika kwa viganja viwili tu duniani. Fremu hamkuwa mnaigusa sana. Nimemfanyia hivi mama mmoja aliyeachiwa na mumewe, alipoishika ile mpya alifumba macho kwanza kabla hajasema ndio.

Kuhusu ile ya zamani kuitunza, kwanza mwambie fundi aitoe ile pini ya kupigia risasi ili hata mjukuu akija kuikuta miaka 20 ijayo akatafuta risasi isilie. Jua kwamba hata hivyo kisheria bado ni bunduki, sababu ya fremu, kwahiyo sefu lazima, sio juu ya kabati la tivii. Usiiweke ndani ya ala yake ya ngozi, ngozi inashika unyevu na silinda na mtutu wa chuma vitapata kutu kimyakimya, ala iweke pembeni yake. Usiing'arishe. Usiipake rangi upya. Ile sehemu iliyochubuka upande mmoja kwa kusuguana na ala, hiyo ndo picha yenu, ukiifuta umebaki na bastola ya mtu yeyote.

Na andika karatasi, ndugu yangu, hili watu hawafanyi na ndo linaloniuma zaidi. Nanunua mali za marehemu na ninaona sanduku zima la bastola, watoto hawajui hata moja ilikuwa ya nani, wanauliza tu itapata dola ngapi. Sio watoto wabaya, hakuna aliyewaambia. Andika jina la mzee, alikupa siku gani, mlikuwa mnafanya zamu gani, alikuambia nini akikupa. Weka na picha yenu kama ipo. Kama ni Smith & Wesson, taasisi yao ya historia inatoa barua kwa malipo kidogo, unawapa namba ya bastola wanakutafutia kwenye madaftari ilitoka kiwandani tarehe gani ikaenda duka gani. Pengine utajua mzee aliinunua wapi akiwa kijana. Halafu itaje kwenye wosia nani anaichukua. Sheria ya shirikisho inaruhusu kurithi bunduki hata mrithi akiwa jimbo jingine, ila majimbo yana masharti yake, na kama mwanao yuko huku kwa viza ya muda sio kadi ya kijani, mara nyingi haruhusiwi hata kuimiliki, kwahiyo muulize mwanasheria kabla.

Moshi hapana. Nakuelewa, mtu anataka kitu chake kilale nyumbani. Lakini kuitoa Marekani kunahitaji kibali, kuiingiza Tanzania kunahitaji leseni ya silaha, na kaka yako akikutwa nayo bila karatasi ni kesi ya jinai, hakuna atakayemsikiliza kwamba ina ufa na ni ya kumbukumbu. Peleka picha na nakala ya ile karatasi.

Jambo jingine nalisema kwasababu nimezika wenzangu wawili wastaafu. Umesema usingizi haupatikani. Kama ni bastola tu, itapita. Ila mara nyingi kitu kama hiki kikivunjika kinafungua msiba wa zamani ambao hukuulia vizuri, 2011 ulikuwa bado kazini, kesho yake ulirudi zamu. Kama roho ni nzito sana, mpe rafiki unayemwamini akutunzie silaha zote kwa wiki chache, na piga 988, ile namba ya msaada kwa wenye mawazo mazito huku Marekani, saa yoyote uongee na mtu. Mwambie na mkeo hizo habari za mzee, sio za bastola, nadhani hajawahi kuzisikia zote.

Ukianza na hizo mbao, skrubu ni moja tu. Tafuta bisibisi inayojaa mfereji wake usiichane. Usichokonoe mbao kwa kisu, legeza skrubu mizunguko michache halafu gonga kichwa chake taratibu kwa mpini wa bisibisi, ubao wa upande wa pili utasukumwa utoke wenyewe. Na kabla hujafuta chochote geuza upande wa ndani uuangalie kwenye mwanga. Polisi wa zamani wengine waliandika humo kwa penseli, jina, namba ya beji, wengine tarehe. Ukikuta kitu usikifute, niandikie uniambie.